Likizo Waliyonyimwa Watoto

Nilikuwa nimefika mwaka wa nane katika kazi ya ulezi kwenye nyumba ya watoto yatima kule Wiyoni, mtaa wa pembeni mwa mji wetu wa kisiwani, na magoti yalikuwa yameanza kunikataa. Nyumba yenyewe ni ya mawe na saruji, ina vyumba vinne vya kulala, jiko la nje, na ua wenye mlimau mmoja usiozaa sana. Watoto walikuwa kumi na tisa. Nililala chumba kimoja na wasichana, nikaamka kabla ya adhana kubandika uji, na tangu hapo sikuketi mpaka alasiri watoto wakienda chuoni kusoma Kurani. Waliniita khaloo, kama mtu amwitavyo mama yake mdogo.

Wageni wa kutoka ng'ambo tulikuwa tumewazoea. Walikuja vijana wa vyuo vikuu, wakaja wazee waliostaafu, wakaja hata mume na mke waliokuwa katika fungate, walioona vyema siku mbili kati ya zile wazitoe kwa mayatima. Walikuja na maputo, penseli za rangi na nyimbo za kupiga makofi. Sikuwachukia. Wengi walikuwa watu wema, na vitu vingi vya nyumba ile vilitoka kwao: vitanda, tangi la maji, meza za kusomea. Lakini kila kundi likiondoka, kazi yangu ilianza upya. Watoto wadogo walikojoa vitandani siku tatu nne mfululizo. Wakubwa walinuna, wakagombana kwa mambo ya kipuuzi. Nilifua mashuka, nikayaanika, nikayaanua, nikayatandika, na kesho yake nikayafua tena. Nikimweleza mtu jambo hilo, jibu lilikuwa kwamba watoto ndivyo walivyo.

Mwezi wa Julai mwenyekiti wa kamati yetu alinijia jikoni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, aliyeibeba nyumba ile kwa miaka mingi, akiandika barua huku na huku ili watoto wapate kula, kuvaa na kusoma. Aliniambia kuna familia inakuja Agosti kwa wiki mbili: baba, mama na binti yao. Hawaji kustarehe, alisema, wanakuja kujitolea. Watapaka ukuta rangi, watafundisha Kiingereza, watakaa na watoto. Kisha akasema lile alilolijia.

"Bi, mwezi huo watoto wasiende kwao. Wageni hawawezi kutoka mbali vile wakaja kukuta vitanda vitupu."

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu sisi yatima ni mtoto aliyefiwa na baba. Anaweza kuwa na mama hai, ana bibi, ana wajomba, na bado ni yatima, na ana haki ya yatima kwa watu wote. Zaidi ya nusu ya watoto wetu walikuwa hivyo. Walikuwa na watu wao Pate, Kililana, na wengine papo hapo mjini, na kila likizo ya shule walikwenda kwao wakala, wakacheza, wakarudi na visigino vimepasuka na habari tele. Lakini wageni wakisikia neno yatima kwa Kiingereza, walielewa mtoto asiye na mtu hata mmoja chini ya jua. Hakuna aliyewasahihisha. Mimi nazungumza Kiingereza, kwa sababu nilifanya kazi miaka mingi katika nyumba za kulaza wageni pale mjini, na mimi pia sikuwasahihisha.

Nilimjibu mwenyekiti kwamba sawa. Ningependa kusema nilibisha, lakini nilikuwa na sufuria motoni, mgongo unaniuma, na neno "sawa" lilikuwa jepesi kuliko mengine. Jioni hiyo nikaanza kuwapigia simu jamaa za watoto, mmoja mmoja, nikiwaambia kwamba likizo hii watoto hawatakuja.

Wengine walilalamika, wengine walinyamaza. Bibi mmoja wa Mbwajumali, kisiwani Pate, hakuwa na simu. Nilimpigia jirani yake, naye akamwita. Nikamsikia akija polepole, akipapasa ukuta, na mtoto wa jirani akimwambia kuna ngazi hapo. Nikamweleza.

"Haina neno," akasema. "Mwambie bibi yake asema ataya siku nyengine." Yaani mtoto atakuja.

Mjukuu wake alikuwa msichana wa miaka minane, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na umbo lake. Baba yake alikufa kwa maradhi yeye akiwa na miaka minne. Mama yake aliolewa tena na kufuatana na mumewe Malindi, ambako naye alikuwa na shida zake, akabaki mtoto na bibi. Mwaka mmoja baadaye yule bibi alimleta Wiyoni mwenyewe, kwa boti, akiwa amemshika mkono. Alisema macho yake yanafifia, na mara mbili mtoto amekaribia kuungua jikoni bila yeye kuona. Aliomba tukae naye mpaka macho yapoe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake, na tangu siku ile ilikuwa imepita miaka mitatu.

Familia ilifika siku ya Jumamosi, jua la saa saba, mizigo yao ikiwa juu ya punda wawili. Baba alikuwa mrefu, shingo nyekundu kwa jua, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa mwalimu huko kwao, mwenye uso wa huruma na machozi ya karibu. Binti yao alikuwa na miaka kumi na minne, na ilionekana wazi kwamba hakuulizwa kama anataka kuja. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, simu mkononi, akinijibu kwa kutikisa kichwa.

Kabla saa moja haijapita, yule msichana wa Mbwajumali alikuwa amekwisha kukaa mapajani mwa yule mama. Sijui nani alimchagua mwenzake. Siku ya pili mtoto akamsuka yule mama nywele. Siku ya nne akaanza kumwita "mummy", kama alivyosikia binti yao akimwita, na yule mama hakumkataza. Aliniambia amesoma kwamba watoto kama hawa wanahitaji kukumbatiwa, kwa kuwa hawajawahi kupata mtu wa kuwakumbatia. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni aliponiambia hivyo. Nikamwambia ndiyo.

Baba alipewa ukuta wa ua aupake rangi ya buluu. Ukuta ule wanafunzi wa ng'ambo waliupaka manjano Aprili, na kabla yao wengine waliupaka kijani. Sikumwambia. Lakini alikuwa fundi wa mikono yake, mtu asiyependa kupaka rangi juu ya uchafu, akaanza kuukwangua kwanza. Nikamwona amesimama, anatazama. Kisha akaniita akaniuliza umepakwa mara ngapi. Nikamwambia mara mbili, kwa zile ninazozikumbuka mimi. Akanitazama, akatazama ile ndoo ya rangi, akaendelea na kazi. Asubuhi iliyofuata nikamkuta anatengeneza mlango wa choo, ambao bawaba zake zilikuwa zimekatika tangu mfungo wa Ramadhani, na hakuna aliyemtuma.

Binti naye, kwa kuchoshwa na nyimbo za makofi, akaanza kuja kwangu. Siku moja ya wiki ya pili alinikuta uani nafua, akavuta kigoda, akatia mikono yake katika beseni la kusuuzia bila kuniuliza. Hakuwa mzuri wa kukamua, maji yalimchirizika hadi viwikoni. Tukafua. Kisha akaniambia yule msichana alimsimulia, kwa Kiingereza chake kile cha shule, kwamba ana bibi mahali panapoitwa Mbwajumali, na kwamba alikuwa aende huko likizo hii lakini hakwenda.

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kweli.

"Kwa nini haishi na bibi yake?"

Nikamwambia bibi yake haoni vizuri.

"Macho yake yana nini?"

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Kwa miaka mitatu nimempikia mtoto yule, nimemfulia, nimemwosha vidonda, nimempigia bibi yake simu kwa jirani kila mwezi nikamuuliza hali, akaniambia alhamdulillahi, nami nikakata simu nikaendelea na kazi. Kamati ilikutana kila baada ya miezi mitatu, tukazungumza habari ya vitanda, maji na wageni. Hatukuwahi, hata mara moja, kuuliza macho ya bibi yule yana nini. Ilibidi swali hilo litoke kwa mtoto wa watu aliyekuja kwa kulazimishwa, akiwa ameshika shuka la mkojo.

"Sijui," nikamwambia.

Alimweleza mama yake. Baada ya sala ya magharibi yule mama alinifuata jikoni, uso umempauka, akataka kujua kama yasemwayo ni kweli, na kama kuna wengine. Nilikuwa nimechoka siku ile, uchovu ule unaomfanya mtu ashindwe hata kutunga uongo. Nikamwambia yote. Nikamwambia neno yatima lina maana gani kwetu. Nikamwambia hawa wengi wana watu wao, na kwamba wakati huu ni likizo, wangekuwa makwao, ila tumewazuia ili yeye akija awakute.

Akakaa juu ya gunia la mchele. Akasema hakuna aliyewaambia. Nikamjibu kwamba ni kweli, hakuna.

"Lakini wewe ulikuwa unajua," akasema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikaendelea kupakua chakula kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kaa mkekani.

Usiku ule walizungumza wao kwa wao, na asubuhi baba akaniambia wanataka kwenda Mbwajumali na yule msichana, kumtazama bibi yake. Mwenyekiti hakufurahi. Aliona tunafungua jambo ambalo hatutaweza kulifunga. Nilimwambia sote tunakwenda, na kwamba kama ana neno aniambie mimi, siyo wao. Sikumbuki kama niliwahi kusema naye hivyo kabla. Alivua miwani akaifuta, akasema basi mpishi, yule mama anayenisaidia jikoni, abaki na watoto.

Tuliondoka alfajiri, kwa kuwa kule Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, boti haipiti ila maji yakijaa. Msichana alikaa kati ya mama na binti, amevaa gauni jipya walilompa. Nilidhani atafurahi. Lakini kadiri tulivyosonga ndivyo alivyozidi kunyamaza, na tulipouona mnara wa msikiti wa kwao, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa yule mama na kuung'ang'ania. Tulipofika maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Tukashuka kwenye tope, viatu mikononi, mimi nikiwa nyuma kabisa kwa ajili ya magoti.

Bibi, niliyempelekea habari kwa simu ya jirani, alikuwa akitungoja barazani. Alikuwa amevaa leso mpya, ile mikunjo yake ya dukani bado yaonekana, na ndani kulikuwa na harufu ya wali wa nazi na samaki, ambao bila shaka jirani alimsaidia kupika. Alisikia nyayo zetu akasimama. Nilipomkaribia nikaona macho yake: mboni zote mbili zina ukungu mweupe, kama glasi iliyopumuliwa. Nikamsalimia, akanitambua kwa sauti. Akauliza, yuko wapi?

Nikamsukuma msichana mbele. Bibi akampapasa uso, masikio, mabega, akasema amekuwa mrefu. Mtoto alisimama wima kama nguzo. Bibi akateremka na mkono wa mtoto kutoka begani mpaka kiganjani, na huko akakuta kiganja kingine.

"Mkono huu ni wa nani?" akauliza.

Yule mama hakuelewa maneno, lakini alielewa jambo lenyewe, akataka kuutoa mkono wake, na msichana akaukaza. Nikasema, "Ni mgeni, Bi. Amekuja kututembelea."

Bibi akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akaupigapiga taratibu, akasema karibuni, karibuni ndani, mmetoka mbali na jua ni kali.

Tulikula. Baba alikula kwa mkono, vizuri tu. Yule mama hakuweza kula sana. Bibi aliuliza kwao ni wapi, kama wazazi wao wako hai, na kama huko nako kuna watoto wanaokaa katika nyumba kama ile ya Wiyoni. Nilipotafsiri swali hilo la mwisho, mume na mke walitazamana, na baba akasema siku hizi ni wachache sana, kwamba kwao waliona ni afadhali mtoto akae na jamaa. Nikamtafsiria bibi. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema hilo ni jema.

Nikamuuliza juu ya macho. Akasema watu wamemwambia ni mtoto wa jicho. Alitaka kwenda hospitali, lakini ndia ya kufika mjini ni ndefu, mtu asiyeona hawezi kupanda boti peke yake, na wajukuu wengine wako mbali. Akaongeza, akicheka kidogo, kwamba mtoto mmoja alimwingia machoni, na kwa sababu yake akampoteza mwengine. Sikumtafsiria mtu maneno hayo.

Tulikuwa tumepanga msichana abaki kwa siku zilizosalia za likizo. Wakati wa kuondoka, akakataa. Hakulia kwa sauti. Alijishika tu na gauni la yule mama, akasema hataki kubaki, hapana taa nzuri hapa, hapana wenzake wa Wiyoni, anataka kurudi na mummy. Bibi aliyasikia yote. Nikaanza kumkemea mtoto, na bibi akanizuia.

"Mwate. Mrejeshe," akasema. "Si makosa yake. Mimi hata ndia ya kisimani siioni. Nikimzuia hapa, nitamtendani?"

Kwenye boti yule mama alilia njia nzima. Mumewe alimshika bega. Binti alikuwa ametazama upande wa mikoko, na msichana alikuwa amelala mapajani mwake na mwa mamake. Siku nyingine ningesogea karibu, ningemwambia asilie, kwamba amefanya wema, kwamba Mungu ataleta heri. Nimewaambia wageni wengi maneno hayo. Siku ile sikuwa nayo. Nilijifunika buibui langu nikafumba macho, nikamwacha alie.

Waliondoka siku tatu baadaye. Binti yao alinikumbatia, akaniambia nimuulizie macho ya yule bibi, tafadhali nisisahau. Msichana hakwenda kuwasindikiza. Alijifungia chooni, na ule mlango uliotengenezwa ukafungika barabara, tukakaa nje tukimbembeleza mpaka adhuhuri. Baada ya hapo ikawa kama kawaida. Mashuka yake yalikuwa mabichi siku sita, siyo tatu.

Siku ya saba nilikwenda hospitali. Niliuliza kwenye dirisha la kwanza nikaelekezwa la pili, na muuguzi wa pale akanieleza kwamba madaktari wa macho huja mara kwa mara kutoka nje ya kisiwa, kwamba mtoto wa jicho hutolewa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha maharagwe, na kwamba mgonjwa huenda kwake siku hiyo hiyo au ya pili. Akaandika jina la bibi. Nikakaa kwenye benchi la pale nje nisiweze kuinuka, na mtu mmoja akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa. Miaka mitatu mtoto ametenganishwa na mtu wake, na kungoja kote kulikuwa ni kwa dirisha hili, umbali wa nusu saa kwa miguu yangu mibovu.

Madaktari walikuja mwezi wa Oktoba. Nilikwenda Mbwajumali mwenyewe, nikarudi na bibi, nikimshika mkono kwenye tope na kwenye ngazi za gati. Hakuwa na jamaa mjini, kwa hiyo nilimweka katika chumba chetu cha wasichana, kitanda cha pembeni. Mwenyekiti alinikumbusha kwamba nyumba ile ni ya watoto. Nikamwambia atakaa siku kumi.

Baada ya mtoto wa jicho kutolewa, jicho la kulia lilifungwa bandeji, kisha likahitaji dawa ya matone mara nne kwa siku. Mimi nilikuwa na watoto kumi na tisa na sufuria zangu. Siku ya kwanza nilimtia matone nikachelewesha chakula. Siku ya pili nikamwita msichana nikampa kichupa, nikamwonyesha jinsi ya kuvuta kope chini. Hakutaka. Nikamwambia sikumuuliza kama anataka, nikaenda zangu jikoni.

Sikuwatazama, kwa hiyo siwezi kueleza ni siku gani mambo yaligeuka. Najua tu kwamba siku ya tano nilipita mlangoni nikasikia ile sauti nene ikimgombeza bibi kwamba asikune jicho, na bibi akijitetea. Siku nyingine nikawakuta wamelala kitanda kimoja mchana, bibi akimsimulia habari za baba yake alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa mtundu. Mtoto alisema hakuwahi kuambiwa kwamba baba yake alikuwa mtundu. Bandeji ilipotolewa kabisa, bibi alimsimamisha mbele ya dirisha akamwangalia muda mrefu, akasema paji la uso ni la mamake, na pua ni balaa la kwetu. Mtoto akaishika pua yake akacheka.

Walikaa pamoja siku kumi na nne, siyo kumi. Bibi alirudi kwake na jicho moja zuri, akangojea la pili. Likizo ya Desemba ilipofika, msichana alifunga nguo zake mwenyewe. Januari nilipopiga simu ya jirani kuuliza boti gani atarudi nayo, bibi aliipokea mwenyewe, akaniambia wameulizana wao wawili, na ameandikishwa shule ya papo hapo muyini, kijijini kwao. Kisha akaniomba radhi, kana kwamba amenichukulia kitu changu.

Nilipeleka habari kwa kamati, na nikasema mbele ya watu wote kwamba sitapiga tena simu za kuwazuia watoto, na kwamba kila mtoto mwenye jamaa aulizwe upya kwa nini yuko hapa. Palikuwa na kelele. Mwenyekiti hakusema nami miezi miwili, ila salamu. Alikuwa na hofu ya haki: wageni wasipowaona watoto, watu wa mbali watasahau kwamba tupo. Na baadhi yao kweli walisahau. Kuna mwezi tulikula uji mara mbili kwa siku. Lakini taratibu watoto walianza kwenda kwao, mmoja kwa mjomba Kililana, ndugu wawili kwa mama yao aliyepata chumba, na safari zote hizo nilizifanya mimi, na kila moja ilikuwa na barua, na chifu, na kungoja, na maneno ya watu. Mtoto mmoja alirudi kwetu baada ya wiki tatu, kwa kuwa huko alikokwenda hakukuwa kwema. Nikampokea, nikamtandikia. Yule mama wa ng'ambo aliandika mara mbili kuuliza hali, nikamjibu, kisha barua zikakoma, kama zinavyokoma zote.

Sasa tumebaki na watoto saba, wale ambao kweli hawana mtu. Nilidhani kazi itapungua, lakini hawa saba ndio wazito, kwa sababu wameona wenzao wakiondoka mmoja mmoja, na kila mmoja amenijia kwa wakati wake, uani au jikoni, kuniuliza zamu yake ni lini. Nawapa kazi ndogo ya kufanya, tuchambue mchele au tukunje nguo, tukae pamoja.

Mwaka jana nilikuwa na shughuli Faza, nikasema nipitie Mbwajumali. Bibi alinipokea akiwa anaona mpaka uzi wa sindano, akanionyesha nguo anayoishona. Msichana aliitwa, akaja mbio kutoka kwa wenzake, amekua, mtandio umemwangukia shingoni. Akanibusu mkono, akaniuliza habari za Wiyoni kwa maneno mawili, na kabla sijamaliza kumjibu akamwomba bibi yake ruhusa arudi mchezoni. Bibi akamwambia akae kwanza na khaloo wake. Nikasema mwache aende.

Boti ilikuwa bado. Bibi akanitandikia mkeka ndani, akaniletea mto, akaniambia nimechoka, yaonekana usoni. Nikamwambia nitajinyoosha kidogo tu. Nililala usingizi mzito pale sakafuni kwa mtu, mchana kweupe, mpaka akaja kunitikisa mguu kuniambia maji yamejaa.